Kioo Kilichogeuka Ala ya Muziki

Mwaka 2005 kampuni ya JazzMutant ya Bordeaux, Ufaransa, ilianza kuuza Lemur, kioo kilichotambua vidole vingi kwa wakati mmoja. Chenyewe hakikutoa sauti. Kilipeleka amri kwenye kompyuta, nayo ikatoa muziki. Kila mpigaji alijichorea vitufe vyake juu ya kioo kwa kadiri ya mkono wake. Wasanii wa Björk walikitumia jukwaani katika ziara iliyoanza mwaka 2007.

Mwaka 2010 ilikuja iPad, yenye bei nafuu zaidi, na punde Lemur ikaacha kutengenezwa. Mwaka 2011 ikarejea kama programu ndani ya iPad hiyohiyo. Mzazi anayemnunulia mwanawe ala na atambue: chombo hupitwa na wakati, lakini vidole vilivyozoezwa huhamia kingine.