Mgeni Akitaka Kuja "Kuwinda" Samburu: Sheria Inasemaje, na Safari Gani Unaweza Kumpangia

Kijana mmoja anayeendesha gari la watalii kutoka Archers Post alifika ofisini kwetu akiwa na simu mkononi na wasiwasi usoni. Mteja wa ng'ambo, aliyempata kupitia rafiki, alikuwa amemwandikia akitaka siku saba za kuwinda nyati na choroa "huko nyikani kaskazini". Alikuwa ameuliza bei ya kila mnyama, na akaahidi kutuma malipo ya kwanza wiki hiyo hiyo. Kijana alikuwa na swali moja tu: kibali cha kuwinda hutolewa na nani, kaunti au KWS?

Hakuna anayekitoa. Gavana hana mamlaka hayo, chifu hana, mhifadhi wa KWS hana, na mwenye shamba au ranchi pia hana. Uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara nayo ikafungwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliendeleza msimamo huo. Kwa wanyama walio katika hatari kubwa ya kutoweka, adhabu zake ni faini ya mamilioni ya shilingi na kifungo kinachoweza kufika maisha. Kwa hiyo yeyote anayekuonyesha karatasi yenye mhuri na kuiita kibali cha kuwinda simba au choroa Samburu, ujue karatasi hiyo ni ya kughushi.

Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa kuwa kijana huyo si wa kwanza kuuliza, na kwa kuwa mteja wake huenda hakuwa mtu mbaya.

Kwa nini wageni hudhani inawezekana

Jirani zetu Tanzania wanaruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu maalum, kwa leseni na kwa msimu. Mtu aliye mbali akiona ramani, mpaka wa Namanga kwake ni mstari mwembamba tu. Akisikia "Afrika Mashariki" anadhani sheria ni moja. Tena historia yetu yenyewe inampotosha. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa Rais wa Marekani, aliwinda huku hadi Ewaso Ng'iro. Katika safari yake yote ya Afrika, yeye na mwanawe Kermit waliua zaidi ya wanyama 500. Kwa miaka mingi baada ya hapo, jina la Kenya ng'ambo lilikwenda pamoja na bunduki na kofia pana.

Picha hiyo ilikwisha kwa sababu wanyama walikuwa wanakwisha. Kaskazini hapa wazee bado wanamtaja Ahmed, ndovu wa Mlima Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Hofu ya kumpoteza kwa wawindaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba Rais Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya Rais, akawa na walinzi wake usiku na mchana. Ahmed alikufa kwa uzee mwaka 1974, na leo sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi. Wenzake hawakupata walinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Ilipofika 1989 walibaki karibu 16,000. Wengi wao waliuawa na majangili, na ndiyo maana sheria ilizidi kukazwa.

Anayebaki na kesi ni mwenyeji

Hapa tuseme wazi. Mgeni akishapiga risasi, ana tiketi ya ndege. Dereva aliyemfikisha, kijana aliyemwonyesha nyayo, mama aliyepika kambini akijua kinachoendelea na yule aliyechuna ngozi, wote wana boma lao hapa. Sheria za Kenya humhesabu anayesaidia kosa kuwa mkosaji pamoja na aliyelitenda. Gari lililotumika linaweza kutaifishwa, hata kama bado unalilipia mkopo.

Wala msifikiri kosa linaanzia kwa nyati. Kuua digidigi au swara kwa ajili ya mboga pia ni uwindaji haramu, na nyama ya porini hairuhusiwi kuuzwa wala kukutwa nayo. Nyara nazo ni zaidi ya pembe za ndovu: ngozi ya chui iliyorithiwa, yai la mbuni, gamba la kobe, hata pembe ya choroa uliyoiokota lagani ukichunga mbuzi. Ukiokota, peleka kwa afisa wa KWS au kituo cha polisi kilicho karibu. Usimpe mgeni kama zawadi, kwa sababu akikaguliwa uwanja wa ndege atataja jina lako.

Simba akiingia bomani, huo ni mkasa mwingine. Piga ripoti KWS mara moja na uache mzoga mahali ulipo ili uonekane. Madai ya fidia hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti, na sheria imeweka shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Tunajua malipo huchelewa, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini atakayemlipa mtu bunduki aje "kulipiza" simba atakuwa amejitafutia kesi na kuharibu dai lake.

Kile unachoweza kumuuzia

Turudi kwa yule mteja. Ukimsoma vizuri utaona anachotaka: kuamka kabla ya jua, kutembea kwa miguu nyuma ya mtu anayejua nyayo, kumkaribia mnyama mkubwa hadi moyo udunde. Yote hayo yanapatikana Samburu kihalali. Kinachokatazwa ni risasi peke yake.

Mahali pa kuanzia ni Sera, katika Samburu Mashariki. Vifaru weusi walikuwa wametoweka eneo hilo kwa karibu robo karne, wakimalizwa na majangili. Mwaka 2015 walirudishwa katika eneo lililozungushiwa ua na linalolindwa na askari wa jamii wakishirikiana na KWS. Leo mgeni anaweza kuwafuata kwa miguu. Baadhi ya vifaru wamefungwa vifaa vinavyotoa mawimbi, hivyo askari hujua waelekee upande upi. Kutoka hapo kazi ni ya macho na upepo. Tunaona hii ndiyo safari iliyo karibu zaidi na ile ambayo mteja aliiota, na mnyama hubaki hai ili kesho aonekane na mwingine.

Ukitaka kuongeza siku, Hifadhi ya Taifa ya Samburu iliyo kando ya Ewaso Ng'iro iko chini ya serikali ya kaunti yenu. Humo kuna wanyama ambao mgeni aliyezoea Maasai Mara hajawahi kuwaona: punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba, twiga wa madoa kama wavu, choroa, swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani, na mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya rangi ya samawati. Punda milia wa Grevy wamebaki takriban 3,000 duniani, na wengi wao wako kaskazini mwa Kenya. Kumbuka tu kwamba ndani ya hifadhi mgeni habanduki garini; kutembea ni katika hifadhi za kijamii, na ni pamoja na askari. Karibu na Milima ya Mathews, Reteti huwalea ndovu yatima tangu 2016, na walezi ni vijana na akina mama wa hapa hapa. Wageni wenye watoto hupapenda sana.

Kupanga safari yenyewe

Anza na tarehe. Miezi ya Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, ni mikavu. Majani ni haba, wanyama husogea mtoni, na nyayo husomeka vizuri kwenye mchanga. Mvua ya Aprili na ile ya Novemba hupendeza macho, lakini laga inaweza kujaa kwa maji ya mvua iliyonyesha milimani ambayo hukuiona. Usivuke laga yenye maji kwa kukisia kina. Subiri, hata kama mgeni anaangalia saa.

Barabara ya lami inafika Archers Post kutoka Nairobi kupitia Nanyuki na Isiolo, na kuendelea kaskazini hadi Marsabit na Moyale. Ukiiacha lami, unahitaji gari lenye nguvu magurudumu yote manne, magurudumu mawili ya akiba na maji ya kunywa zaidi ya unayodhani yanatosha. Kabla ya kuondoka, uliza hali ya usalama wa njia kituo cha polisi na kwa wasimamizi wa hifadhi unayokwenda. Usitegemee habari za wiki jana. Mtandao wa simu hukatika sehemu nyingi, kwa hiyo acha ratiba yako kwa mtu aliyebaki nyumbani.

Kiongozi wa watalii lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na gari liwe na leseni na bima ya kubeba abiria wa kulipa. Vijana wengi wetu wanajua pori kuliko mtu yeyote lakini hawana karatasi, na hapo ndipo kazi huwapita. Mbali na leseni, chama cha waongozaji watalii nchini, KPSGA, hufanya mitihani ya ngazi ya shaba, fedha na dhahabu. Ya shaba haimhitaji mtu awe na digrii. Inamhitaji ajue ndege, mimea, wanyama na namna ya kumtunza mgeni. Moran aliyechunga miaka kumi tayari ana nusu ya somo.

Malipo yaandikwe mapema, kila moja peke yake: kiingilio cha hifadhi, ada ya hifadhi ya kijamii, askari wa kutembea naye, kiongozi, gari na malazi. Mkaazi wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, mradi aje na kitambulisho. Kufuata vifaru huwekewa nafasi kabla, kwa sababu makundi ni madogo. Usimwahidi mteja siku ambayo hujathibitisha.

Mweleze pia, kabla hajapanda ndege, asibebe bunduki, upinde wala mtego wa aina yoyote. Bunduki pekee kwenye matembezi ni ya askari, nayo ni ya ulinzi. Hata droni inahitaji idhini, na ikirushwa juu ya ndovu wenye ndama hasira zao zitamwangukia aliye chini. Avae rangi za udongo, viatu vilivyofungwa, na aache manukato nyumbani: kifaru haoni mbali, lakini pua na masikio yake ni makali. Mtembee mmoja nyuma ya mwingine, upepo ukiwapiga usoni, bila kuongea. Askari akiinua mkono, simameni. Akisema rudini, mnarudi, bila mjadala kuhusu picha.

Dawa za malaria azungumzie na daktari wake mapema. Bima ya kusafirishwa kwa ndege akiumia ni jambo la kusisitiza, maana kutoka Sera hadi hospitali kubwa ni mwendo mrefu wa vumbi.

Yule kijana wa Archers Post alikaa nasi hadi adhuhuri. Tulimsaidia kuandika jibu: hapana kwa uwindaji, na sababu yake kwa sentensi mbili, kisha siku tatu za Sera na mbili za kando ya mto, kila malipo kwenye mstari wake. Amejiandikisha pia kwa mtihani wa shaba. Hadi tunachapisha toleo hili, mteja alikuwa amerudi na swali moja tu, kama kuna uhakika wa kumwona kifaru. Kijana alimjibu kwamba hakuna, lakini nyayo ataziona.