Ziwa Albert kwa mtumbwi: ni kilomita ngapi, na ni muda gani kweli?

Ukisimama juu ya mteremko upande wa Kyangwali siku isiyo na ukungu, milima ya Ituri unaiona ng'ambo wazi kabisa, hadi unaweza kufikiri kwamba mtu akiondoka kule asubuhi atakunywa chai huku. Milima hiyo inadanganya. Inainuka zaidi ya mita 1,000 juu ya maji, kwa hiyo inaonekana kutoka mbali sana. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 160 hivi, na upana wake ni kama kilomita 30.

Ukishuka ukaketi ndani ya mtumbwi, mambo yanageuka. Macho yako sasa yako mita moja tu juu ya maji, na kwa sababu dunia ni mviringo, uso wa maji unauona hadi kilomita 3 na nusu basi. Mtumbwi mwingine ulio mbali zaidi ya hapo unaanza kufichika, na mwalo unaouendea hauuoni kabisa. Unaona mlima tu, na mlima haukuambii umebakiza kiasi gani.

Makala hii inaeleza jinsi ya kukadiria muda wa safari ya mtumbwi. Inakuhusu wewe unayemsubiri ndugu aliyepiga simu akisema "tunaondoka," wewe mvuvi, na wewe unayefikiria kuvuka kwenda kuangalia shamba au kuzika mtu wa kwenu. Hesabu si ngumu, na ukiikosea kwenye ziwa hili unaweza kulipa kwa maisha. Machi 2014 boti iliyobeba wakimbizi waliotoka Kyangwali kurudi Kongo ilizama, na zaidi ya watu 200 walikufa. Mwanzoni mwa 2018, maelfu walipokuwa wakikimbia Ituri, UNHCR ilieleza kwamba watu walivuka kwa mitumbwi midogo na kwa boti za uvuvi zilizojaa kupita kiasi, na kwamba safari ilichukua hadi saa kumi.

Mtumbwi unakwenda kwa kasi gani?

Mtu mzima mwenye afya, ndani ya mtumbwi wa kawaida usio na mzigo mwingi, kwenye maji yaliyotulia, anakwenda kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Anaweza kukaza akafika 7 au 8, lakini kwa dakika chache tu. Kwa safari ndefu, hesabu kilomita 4, kwa sababu atapumzika, atakunywa maji, atachota maji yaliyoingia, na kila anapoacha kupiga kafi mtumbwi unasimama au unasukumwa pembeni.

Kilomita 30 ukigawa kwa 4 unapata saa 7 na nusu. Huo ndio muda wa siku nzuri.

Wengine watasema: tukiongeza watu wa kupiga makafi tutafika upesi. Ni kweli, lakini si kama wanavyodhani. Maji yana tabia ya kukataa kusukumwa, na yanakataa zaidi kadiri unavyoongeza mwendo. Ili uende mara mbili ya kasi uliyonayo, unahitaji karibu mara nane ya nguvu. Kwa hiyo ukiwa peke yako unakwenda 4, mkiwa wawili wenye nguvu sawa mtakwenda 5 hivi, wala si 8. Faida kubwa ya mtu wa pili ni kwamba mmoja anaweza kupumzika bila mtumbwi kusimama. Hiyo peke yake inatosha kumchukua.

Urefu wa chombo nao una neno. Chombo kinapokwenda kinatengeneza wimbi lake mbele, na kikifika kasi fulani kinakuwa kama kinapanda kilima cha maji yake mwenyewe. Chombo kirefu kinachelewa kukutana na kilima hicho kuliko kifupi. Chombo chembamba nacho kinaukata wimbi vizuri zaidi, lakini kinapinduka haraka. Mafundi wa mitumbwi wanajua hili bila hesabu yoyote. Ndiyo maana mtumbwi wa mashindano na mtumbwi wa kubebea magunia havifanani hata kidogo.

Wale wa Olimpiki wanafikaje haraka hivyo?

Vijana wengi wameona kwenye simu video za mashindano ya kanuu na kayaki wakajiuliza kwa nini sisi tunasema 4 wakati wale wanaruka juu ya maji. Paris mwaka 2024, Josef Dostál wa Ucheki alishinda mita 1,000 za kayaki kwa dakika 3 na sekunde 24. Hiyo ni karibu kilomita 18 kwa saa. Mwenzake wa nchi hiyohiyo, Martin Fuksa, alishinda kanuu ya mtu mmoja kwa dakika 3 na sekunde 43, yaani kilomita 16 kwa saa. Kwenye kayaki mtu anaketi na kutumia kafi lenye bapa pande zote mbili. Kwenye kanuu ya mashindano anapiga goti moja na kafi lake lina bapa moja, ndiyo maana inakwenda polepole kidogo.

Kwenye mashindano hayo walikuwamo wakimbizi pia. Saeid Fazloula na Saman Soltani, wote wazaliwa wa Iran, walishindana kwenye kayaki chini ya Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi.

Sasa angalia vyombo vyao. Kayaki ya mtu mmoja ina urefu wa mita 5.2, inaruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 12 tu, na ni nyembamba kiasi kwamba mtu asiyeizoea hawezi kukaa ndani yake bila kuanguka majini. Maji ni ya bwawa lililochimbwa, hayana wimbi. Safari yenyewe inaisha kabla ya dakika nne. Mtumbwi wako una kilo mamia, na huenda kuna mbuzi ndani.

Kipimo kilicho karibu nasi zaidi ni mbio ndefu za kayaki, ambazo kwa wanaume kwenye ubingwa wa dunia ni kama kilomita 30, sawa na upana wa ziwa letu. Mabingwa wanamaliza kwa muda unaozidi saa mbili kidogo. Hao ni watu wanaofanya mazoezi kila siku ya maisha yao, na boti za usalama ziko karibu. Mtu akikuambia alivuka ziwa kwa kafi kwa saa mbili, hakuvuka kwa kafi. Alikuwa na injini.

Mzigo unafanya nini

Hapa ndipo hatari ilipo, kwa hiyo soma polepole.

Chukua mtumbwi wa mita 7 kwa urefu na mita 1 kwa upana. Kwa sababu umechongoka mbele na nyuma, eneo lake linaloshika maji ni kama mita za mraba 5. Kila kilo 50 unayoweka ndani inauzamisha kwa sentimita 1. Mtu mzima wa kilo 60 anaushusha kwa zaidi ya sentimita 1. Watu kumi, sentimita 12. Gunia la kilo 100, sentimita 2. Sasa pima kwa kiganja chako kutoka kwenye maji hadi ukingo wa mtumbwi kabla ya kupakia, halafu ondoa. Ukibaki na upana wa kiganja, wimbi la kawaida la mchana litaingia ndani. Lita 50 za maji zikiingia, umeshuka sentimita nyingine, na wimbi linalofuata linaingia kwa urahisi zaidi. Hivyo ndivyo mitumbwi inavyozama: kidogokidogo kwanza, halafu mara moja.

Mzigo pia unakula kasi, maana mtumbwi uliozama zaidi unasukuma maji mengi zaidi. Uliokuwa unakwenda 5 utakwenda 3 na nusu. Kwa hiyo waliojaza mtumbwi ili wasirudi mara ya pili wanakaa majini muda mrefu zaidi, wakiwa na ukingo mfupi zaidi, na mara nyingi wanafika katikati ya ziwa wakati ule upepo unapoamka.

Upepo

Alfajiri ziwa huwa limetulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, na hewa inaanza kuvuta kutoka ziwani kwenda ufukweni. Usiku inageuka. Juu ya hayo kuna dhoruba za alasiri katika miezi ya mvua, ambazo hushuka kwenye mteremko bila kubisha hodi. Ziwa Albert halina kina kirefu sana ukilinganisha na Tanganyika, hivyo mawimbi yake huwa mafupi na yenye kusimama wima. Mtumbwi hauna nafasi ya kupanda moja kabla ya kupokea jingine.

Upepo wa wastani unaotoka mbele unaweza kukata kasi yako nusu. Fuata mfano huu. Ndugu yako ameondoka saa kumi na moja alfajiri akienda kilomita 4 kwa saa. Saa mbili na dakika arobaini na tano asubuhi amefika katikati, kilomita 15. Kama maji yatabaki tulivu, atafika saa sita na nusu mchana. Lakini upepo wa mbele ukianza hapo katikati na kumshusha hadi 2, kilomita 15 zilizobaki zitamchukua saa 7 na nusu nyingine. Atafika saa kumi na robo jioni, akiwa amechoka kabisa.

Upepo wa pembeni haumcheleweshi sana, unampeleka kwingine. Ukimsukuma kilomita 1 tu kila saa, baada ya saa 7 atakuwa kilomita 7 kaskazini au kusini mwa mwalo aliokuwa anaulenga. Watu wengi waliolia wakidhani jamaa yao amepotea walikuwa wamesimama kwenye mwalo usio wake.

Wenzetu walio karibu na Ziwa Tanganyika wana hesabu ngumu zaidi. Upana wa kawaida kule ni kama kilomita 50. Kwa kilomita 4 kwa saa, hizo ni saa 12 na nusu, na mchana wetu una saa 12. Kwa kafi peke yake, hakuna namna ya kulivuka mahali hapo bila kupitia sehemu ya giza.

Ukiwa mtoni, ongeza au toa mkondo. Mto ukikimbia kilomita 3 kwa saa na wewe unapiga 5, kushuka kilomita 10 ni saa 1 na robo, kurudi ni saa 5. Wengi wanapanga safari ya kurudi kwa hesabu ya kushuka.

Pima mwenyewe

Huhitaji mashine. Pima urefu wa mtumbwi kwa hatua ukiwa bado nchi kavu. Ukiwa majini kwenye mwendo wa kawaida, mtu wa mbele adondoshe jani au kipande cha kijiti kando ya ncha ya mbele, na wa nyuma ahesabu sekunde hadi kifike kwake. Gawa mita kwa sekunde, halafu zidisha kwa 3.6. Mtumbwi wa mita 7 uliopita jani kwa sekunde 5 unakwenda kilomita 5 kwa saa. Ukichukua sekunde 9, unakwenda chini ya 3, na kama bado hujafika hata robo ya njia, geuka urudi ungali na nguvu. Jani linaelea na mkondo pamoja nawe, kwa hiyo mtoni kipimo hiki kinakupa kasi yako juu ya maji, si juu ya ardhi.

Ukimsubiri mtu

Kabla hajaondoka, muulize mambo haya kwenye simu, maana katikati ya ziwa mtandao unaweza kukatika: anaondoka mwalo gani na saa ngapi, ni kafi au injini, wako watu wangapi, mtumbwi una rangi gani, na kama kuna makoti ya kuokolea. Gawa kilomita kwa 4. Muda huo ukipita, usikae mahali pamoja: mpigie mtu unayemfahamu kwenye mialo ya jirani, kaskazini na kusini. Muda ukifika mara moja na nusu ya hesabu yako na hakuna habari, mwambie mwenyekiti wa LC1 na polisi mara moja. Namba za dharura Uganda ni 999 na 112. Usingoje giza, kwa sababu boti ya kutafuta nayo inahitaji mwanga.

Aliyefika kwenye mwalo mwingine na anaomba hifadhi aende kwa polisi au kwa viongozi wa mwalo huo, aeleze anatoka wapi na aombe kuunganishwa na maofisa wa OPM. Wanaofika upande wa Kyangwali hupelekwa kituo cha mapokezi cha Kagoma. Wewe unayemsubiri unaweza kuuliza huko ukiwa na majina yake kamili na majina ya watoto aliosafiri nao.