Barafu ya Burma, maji ya Goma: hesabu ya umeme wakati wa vita

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ukaingia gizani. Katika Soko la Burma jijini humo, kando ya Jogoo Road, nyama mbichi haingojei mafundi wa gridi.

Tuchukue friza moja inayokula yuniti (kilowati-saa) 3 kwa siku. Jenereta ndogo ya petroli hutoa yuniti 1 hadi 2 kwa lita. Petroli ikiwa shilingi 180, kila yuniti ni shilingi 90 hadi 180, wakati ya Kenya Power huzunguka 30 ukijumlisha kodi na tozo. Upande wa sola, Julai yenye mawingu tukikadiria saa 4 za jua kamili na kutoa robo inayopotea njiani, paneli za kilowati 1 zinatosha yuniti hizo 3. Paneli si mzigo tena. Kinachopandisha gharama ni betri ya usiku.

Lakini muuza nyama hahitaji umeme usiku, anahitaji baridi. Kilo 50 za barafu, zikiyeyuka, hunyonya joto la yuniti 4.6 hivi. Mashine ya baridi huhamisha takriban yuniti 2 za joto kwa kila yuniti 1 ya umeme, kwa hiyo barafu hiyo ni kama yuniti 2.3 za stima zilizowekwa akiba, karibu mahitaji ya siku nzima. Haitagandisha nyama, ila itaiweka karibu na nyuzi sifuri. Ongeza paneli, gandisha maji mchana, punguza betri. Friji za chanjo zinazoendeshwa moja kwa moja na jua hutumia njia hiyohiyo katika zahanati zisizo na gridi.

Sasa twende Goma, mashariki mwa Kongo, ambako hesabu hii ni ya uhai. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, wilayani Rutshuru, ulizinduliwa 2015 ukiwa na megawati 13 hivi. Ni nishati safi, ya hapohapo Kivu. Hata hivyo, mwishoni mwa Januari 2025 vita vya waasi wa M23 viliharibu laini ya kuleta umeme mjini. Pampu za maji zikasimama, na watu wakaenda kuchota maji ya Ziwa Kivu kwa madumu. Mto haukukauka, waya ndio ulikatika. Umeme jadidifu unaopita njia moja ndefu unakatika kama wa dizeli.

Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita 100, kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 60, huchukua yuniti 0.45. Watu 10,000, kila mmoja dumu moja la lita 20 kwa siku, wanahitaji mita za ujazo 200, yaani yuniti 90. Kwa makadirio yaleyale ya jua, hizo hutolewa na paneli 60 za wati 500, zinazoenea kwenye mita za mraba 140 za paa: paa la shule moja. Tangi likijazwa mchana, usiku maji hushuka yenyewe. Tena hapa betri haihitajiki.

Nasisitiza ukubwa wa hesabu hii, kwa sababu ahadi za sola huchanganya watu. Matebe ikifanya kazi kwa nguvu zote hutoa zaidi ya yuniti 300,000 kwa siku. Ungehitaji mapaa kama hayo karibu 3,500 kufikia hapo, na bado viwanda na vyumba vya upasuaji vingedai betri za usiku. Hata mtambo wa sola wa kampuni ya Nuru mjini Goma, uliofunguliwa 2020, ni megawati 1.3 tu.

Kwa hiyo laini kubwa lazima itengenezwe, kila inapokatwa. Ila bajeti ya kwanza, ile ya wiki ambayo risasi bado zinalia, naamini iende kwenye pampu na tangi la kila mtaa, kisha friji za dawa, kisha barafu ya masoko.