Ramani Ipi Itamfikisha Dereva Rugaaga?

Dereva anayeondoka Mbarara usiku kumchukua mgonjwa sehemu ya Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, huandika jina hilo katika chombo chake na kungoja. Asipokuwa mwangalifu, chombo chaweza kumwelekeza kwenye kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya wanyama iliyo ndani ya Ziwa Victoria nchini Tanzania. Akiandika Kigali, jina wanaloliita mtaa mmoja wa Nakivale, huenda akatakiwa kuvuka mpaka na kuingia Rwanda. Na huko aendako yupo mama anayehesabu saa.

Wengi hudhani kwamba setilaiti ndizo zilizokosea. Sivyo. Setilaiti za GPS za Marekani humwezesha dereva kujua mahali alipo, basi. Tangu Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuivuruga kwa makusudi ishara wanayoipata raia, kosa la kipimo lilipungua kutoka mita 100 hivi hadi mita 10 hivi. Jina la kijiji, daraja na njia panda hutoka katika ramani, na ramani ni kazi ya wanadamu. Askari aliyefunzwa kutumia dira anaijua tofauti hiyo.

Ramani ya Google ni hodari mjini Mbarara, penye maduka na hoteli nyingi. Lakini kama haikuhifadhiwa simuni mapema, mtandao ukikatika dereva hubaki akitazama kioo kitupu. Tracks4Africa, itokayo Afrika ya Kusini, huuzwa na kutiwa katika vyombo vya Garmin. Imekusanywa na wasafiri walioziendesha njia zenyewe, kwa hiyo humfaa zaidi mtalii aendaye mbuga ya Ziwa Mburo kuliko mtu atafutaye nyumba ya mkimbizi.

OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, haina malipo, na yeyote aweza kuisahihisha. Nchini Uganda wakimbizi na wenyeji wao wamefunzwa kutia ndani yake visima, shule na zahanati za makazi yao. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kwani majina kama New Congo yalizaliwa vinywani mwa wakaazi wa Nakivale, wala hayakutoka katika ofisi yoyote. Programu za Organic Maps na OsmAnd huiweka ramani hiyo simuni, nayo hufanya kazi pasipo mtandao. Kwa safari ya Rugaaga, hiyo ndiyo ya kutanguliza, ingawa mchoraji asiye mzoefu aweza kuifanya njia ya ng'ombe kuwa barabara ya gari.

Tahajia nayo husumbua. Rugaaga huandikwa pia Rugaga, na Kikagati huandikwa Kikagate. Chombo hakijui kwamba ni pamoja. Heri dereva apatafute mahali mchana, akitia alama kwenye kituo cha afya cha Rugaaga na kwenye lango la hospitali ya rufaa ya Mbarara. Alama hizo hazitegemei tahajia ya mtu.

Kuhusu tope, hakuna ramani hata moja kati ya hizo inayojua kama mvua ilinyesha jana. Hilo ataulizwa mwendesha bodaboda wa kwanza baada ya lami kwisha.