Mkaratusi na Pua Iliyoziba

Anayejifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi huibuka akitiririka jasho, akavuta pumzi na kusema pua imezibuka. Anachohisi ni kweli. Njia ya hewa, hata hivyo, imebaki na upana uleule. Mwaka 1983 watafiti nchini Uingereza walipima upitaji wa hewa puani kwa watu walionusishwa kafuri, mkaratusi na mentholi. Vipimo havikubadilika, ilhali wengi wao walisema wanapumua vizuri zaidi. Sababu ni kwamba harufu hizo huamsha neva zinazohisi ubaridi ndani ya pua, na ubongo hutafsiri ubaridi huo kuwa hewa nyingi. Sioni haya kutetea nafuu ya namna hiyo, kwani mgonjwa aliyepata usingizi amepata kitu. Ninachopinga ni kuiita tiba.

Watetezi wa nyungu, yaani huko kujifukiza, watasema wamewaona wengi wakipona. Ni kweli, lakini sinusi (mianya ya hewa kuzunguka pua) zilizovimba kwa sababu ya mafua mara nyingi hupona zenyewe ndani ya siku kumi hivi, kwa nyungu au bila nyungu. Hoja nzito zaidi ni utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2004, ambapo wagonjwa 152 walipewa vidonge vya sineoli, kiini kikuu cha mafuta ya mkaratusi, au vidonge visivyo na dawa. Waliopewa sineoli walipata nafuu zaidi. Matokeo hayo nayaheshimu, ila yalihusu kipimo maalumu cha kumeza kilichotengenezwa kiwandani. Hayahalalishi kunywa mafuta ya chupa, ambayo hata kidogo tu yanaweza kumtia mtoto degedege. Mvuke wenyewe ulijaribiwa Uingereza kwa wenye sinusi sugu, majibu yakatoka mwaka 2016: ulipunguza maumivu ya kichwa, basi. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ndiko kulikosaidia zaidi, japo kwa kiasi.

Kwa hiyo mtu mzima anayeipenda harufu hii adondoshe matone mawili matatu kwenye kitambaa, anuse, na sufuria ya maji ya moto aiache jikoni, maana imeunguza watoto wengi. Maji ya kusafishia pua yachemshwe kwanza, yapoe. Siku kumi zikipita bila nafuu, au jicho likivimba, au shingo ikikakamaa, aende hospitali. Dalili hizo mbili za mwisho hazingoji kesho.