Mwizi wa Vifaranga Ana Uzito Gani?



Mwezi huu tunawaletea habari ya mizani. Si mizani ya posho, hiyo mnaijua vizuri! Hii ni ile iliyomrudisha mtoto darasani.

Majirani wawili walikosana. Mama mmoja alitoka kwenye foleni ya posho akakuta vifaranga vyake vinne havipo. Kibanda kimefungwa, jiwe bado liko mlangoni. Kwa hasira akamtaja mtoto wa jirani, mwanafunzi wetu wa darasa la nne. Basi neno likazunguka. Kila akipita wenzake wanamwita mwizi wa kuku. Siku ya tatu hakuja shuleni.

Wiki hiyo tulikuwa tunafundisha habari za wanyama. Tunacho kitabu kimoja cha picha, na ndani yake yumo mnyama mdogo wa Australia anayeitwa planigali. Ni wa jamii ya wanyama wenye mfuko, kama kangaruu, lakini yeye anawinda: anakula wadudu, buibui, hata mijusi midogo. Kwa kuwa picha imejaa ukurasa mzima, watoto wakasema ni mkubwa kama mbwa. Tukawaambia planigali mwenye mkia mrefu ana gramu 4 hivi. Hakuna aliyeelewa. Tukamimina kijiko kimoja cha chai cha sukari kwenye karatasi, tukasema: "Uzito wake ndio huu." Darasa zima kimya! Mwili wake bila mkia ni kama sentimita 6, na kichwa ni bapa, kwa hiyo anapenya kwenye nyufa za udongo mkavu.

Msichana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, na aliyekula vifaranga, si anaweza kuwa alipita kwenye ufa?"

Tukaomba ruhusa kwa yule mama, tukaenda. Kweli, nyuma ya kibanda chini kabisa kulikuwa na tundu la upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Ndani, manyoya na damu. Mtoto mmoja wa umri ule ule akaingiza mkono: mtupu unaingia, lakini akishika kiazi cha ukubwa wa kifaranga, ngumi haitoki.

Bibi mmoja aliyetoka Gatete, kule Rumonge, akacheka. "Huyo ni nguchiro. Kwetu kwenye michikichi alikuwa anakuja mchana kweupe, mwembamba, ncha ya mkia nyeusi. Akivuka barabara anainua mkia juu."

Bibi alikuwa anamsema nguchiro mwembamba. Uzito wake ni nusu kilo hivi. Jike linaweza kuwa chini ya gramu 400, dume kubwa likafika 800. Mwili wake ni kama sentimita 30 bila mkia. Watoto wakabisha: nusu kilo ipite hapo? Tukapima gramu 500 za maharagwe dukani, tukazitia kwenye soksi ndefu, tukaifunga. Tukasukuma taratibu. Soksi ikapita yote! (Maharagwe yalirudi chunguni, msiwe na wasiwasi.)

Yule mama hakusema kitu. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa jirani akaomba msamaha, na watoto wakisikia. Jumatatu kijana alikuwa kwenye dawati lake. Hatujui kama amesahau. Jina baya ni jepesi kulitoa, kulirudisha ni mzigo.

Kwa hiyo wazazi, tunawaomba haya:

Zungukeni kibanda chote, na tundu lolote linalopitisha vidole viwili lizibeni kwa mawe na udongo.

Nguchiro huyu anawinda mchana. Siku ya posho msiache vifaranga bila mtu.

Msitege sumu. Nguchiro anakula pia panya na nyoka, na sumu inaweza kuokotwa na mtoto.

Na kabla hatujamtaja mtoto wa mwenzetu, tupime tundu kwanza.