Lori Likipinduka na Ndizi Zako, Nani Atalipa?

Bwana Mkulima, na wewe Mama Mkulima, fikiri juu ya jioni ya kupakia. Ndizi zimekatwa tangu asubuhi, lori limefika saa kumi na moja, na dereva ana haraka kwa sababu soko la Kongowea huko Mombasa halimngoji mtu. Mnapakia mpaka mikungu inapita juu ya bodi. Kisha mmoja wenu anapanda juu ya mzigo ili aangalie mali isiibiwe, naye utingo anafunga kamba. Safari ya kwenda Voi ni kilometa 110 hivi, kupitia Maktau, Bura na Mwatate, na kutoka Voi bado kuna Maungu, Mackinnon Road, Samburu na Mariakani.

Wengi wenu mmefanya hivyo mara nyingi na mkafika salama. Makala haya ni juu ya siku ile ambayo lori halikufika.

Kwanza tutazame sababu. Watu husema upesi, "Breki zilikatika." Mara nyingi breki hazikukatika, ziliunguzwa. Mteremko wa kutoka Wundanyi kushuka Mwatate ni mkali na una kona nyingi. Dereva anayetaka kuokoa mafuta hutoa gia na kuliacha lori liteleze, huku akikanyaga breki njia nzima. Breki zikipata moto sana hazishiki tena, hata kama zilitengenezwa juzi. Dereva mwenye akili hushuka kwa gia ile ile ambayo angepandia.

Sababu ya pili ni usingizi. Sheria ya Usafiri Barabarani ya Kenya inakataza mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Basi dereva aliyekuja kwako kutoka safari nyingine, macho mekundu, mwulize amelala wapi. Wala si matusi kumwuliza. Mwendo wa magari makubwa ya mizigo usizidi kilometa 80 kwa saa, na mwendo huo ni mita 22 katika kila sekunde moja. Akisinzia sekunde tatu tu, lori limekwenda mita 66 bila mwenyewe. Na usiku, katika njia inayopita kati ya mbuga za Tsavo, ndovu mweusi juu ya lami nyeusi haonekani mpaka taa zimekwisha mfikia.

Sababu ya tatu ni uzito, na hapo wakulima hatuwezi kujitoa. Mzani wa Mariakani upo kwa kazi hiyo. Lori lililozidishwa mzigo huchelewa kusimama, na mzigo ukipanda juu sana, lori huanguka hata katika kona ndogo.

Sasa tuje kwenye shauri la kulipa. Watu wengi huchanganya kesi mbili. Polisi wakimshitaki dereva kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo, anaweza kufungwa hata miaka 10; lakini akitozwa faini, fedha hizo ni za Serikali. Mjane hapati hata senti. Fidia hutafutwa katika kesi nyingine, ya madai, ambayo wewe mwenyewe au wakili wako huifungua. Dereva akikutwa na hatia katika kesi ya kwanza, hukumu hiyo itakusaidia sana katika ya pili. Akiachiliwa, usikate tamaa, maana katika kesi ya madai ushahidi hupimwa kwa mzani mwepesi zaidi.

Wa kushitakiwa si dereva peke yake, ambaye pengine hana kitu. Dereva aliyekuwa katika kazi ya tajiri wake humtia tajiri katika deni. Katika kesi ya Karisa na Solanki ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisema kwamba gari likileta hasara kwa uzembe, huchukuliwa kwamba aliyeliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Na mwenye gari, kwa sheria, ni yule ambaye jina lake limeandikishwa, ila ithibitishwe kwamba ni mwingine. Malori huuzwa na kuuzwa tena bila kubadili majina. Kwa hiyo andika namba ya gari, na pia jina lililopakwa mlangoni.

Mwenye lori akijitetea kwamba breki ziliharibika ghafula, hilo peke yake halitoshi. Huko Uingereza, mwaka 1969, mahakama kuu kuliko zote iliamua kesi ya lori ambalo bomba lake la breki lililiwa na kutu mahali pasipoonekana, likamwua mtu mteremkoni. Wenye lori walishindwa, kwa kuwa hawakueleza jinsi lile lori lilivyotumiwa na kutunzwa.

Lakini hakimu atakutazama na wewe. Kama ulikaa juu ya mzigo uliozidi, au ninyi wenyewe mlimshurutisha dereva aongeze mikungu thelathini, anaweza kusema una sehemu yako ya kosa, na fidia ikapunguzwa kwa kadiri hiyo.

Liko jambo lingine ambalo wakulima wengi hawalijui. Bima ya lazima ya gari ni kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu. Ndizi zako hazimo. Wala sheria haimlazimishi mwenye lori kukata bima kwa mtu aliyepewa lifti bure, ila kwa abiria wa nauli na wafanyakazi waliomo kazini. Basi yule mwenzenu wa juu ya mzigo anaweza kumdai mwenye lori mwenyewe. Na pengine mali yote ya mwenye lori ndiyo ile iliyolala mtaroni. Afadhali apande matatu, nanyi mpewe stakabadhi yenye hesabu ya mikungu. Chama chenye mzigo mwingi kiulize habari za bima ya mizigo safarini.

Na ninyi mnaouza nyanya kando ya njia, sogeeni mbali na lami. Huko Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilimshinda dereva likawaingia wachuuzi na abiria kwenye njia panda. Watu 52 walikufa. Tena lori la mafuta likianguka, msikimbilie na madebe. Sachangwan, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea hivyo.

Ajali ikitokea, dereva anapaswa kusimama na kupiga ripoti polisi katika saa 24. Wewe chukua hati ya polisi iitwayo abstrakti, na kwa majeruhi fomu ya P3 ijazwe na daktari. Piga picha za matairi na alama za breki kabla lori halijavutwa. Akija mtu wa bima na fedha kidogo mkononi na karatasi ya kutia sahihi, mwambie utaisoma kwanza pamoja na wakili, kwa maana karatasi ile mara nyingi husema kwamba hudai tena.

Madai ya namna hii hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali. Kama lori lilikuwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu.